Watu wa Nyumbani Hawajambo

Saa moja na nusu asubuhi vitanda vilianza kutoka. Vilipita kimoja kimoja kwenye lango la Hospitali ya Mkoa wa Kiveva, kila kimoja kwa miguu yake sita, na juu ya kila kimoja mgonjwa aliyefunikwa blanketi la kijivu hadi kidevuni. Vilipofika kwenye mteremko unaoshuka kuelekea mashamba ya chai, miguu ya mbele ilirefuka na ya nyuma ikafupika, hivyo mgonjwa akaendelea kulala sawasawa kama maji yaliyotulia ndani ya beseni. Waendesha baiskeli walijisogeza pembeni. Wanafunzi hawakugeuka hata kuangalia. Mwaka jana walikuwa wakikimbia nyuma ya vitanda wakipiga kelele. Sasa vilikuwa ni vitu vya kila siku, na watu wa mkoa mzima waliviita punda wa serikali.

Mhandisi Tusekile Nyagawa alisimama kando ya lango akivihesabu kwa midomo bila kutoa sauti.

"Thelathini na mbili," alisema Kihwele, fundi wa miguu ya vitanda, akifuta mikono kwa tambara. "Huyo wa mwisho goti lake la kushoto linalia kama mlango wa kanisa. Nimelipaka mafuta mara tatu. Safari ya nne nitamwomba mchungaji."

Tusekile alitabasamu akitazama chini. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa na hakuwa mtu wa maneno mengi. Juu ya lango ubao wa taa ulibadilika: VITANDA VYA MKOA, 860.

Namba hiyo ilikuwa na historia. Miaka mitatu nyuma mkoa mzima wa Kiveva ulikuwa na vitanda mia mbili na kumi na vinne. Kila mwaka baridi ya Juni ilipoingia, vifua vya wazee na watoto vilijaa, na wagonjwa wakalazwa wawili kwenye kitanda kimoja mtindo wa mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, na wa tatu kwenye mkeka chini. Wodi mpya ilichukua miaka minne kujengwa. Mganga Mkuu wa Mkoa, Dakta Osmundi Kiswaga, ndiye aliyeligeuza swali. Aliuliza kwa nini mgonjwa aifuate wodi, badala ya wodi kumfuata mgonjwa.

Jibu lilikuwa kitanda-mwendo. Mgonjwa alilazwa hospitalini siku moja au mbili, hadi hatari ya kwanza ipite, kisha kitanda kikambeba hadi nyumbani kwake na kubaki naye hadi apone. Kilimgeuza ili asipate vidonda. Kilipima joto, mapigo ya moyo, uzito na sauti ya mapafu. Kilimchoma sindano kwa saa yake, na chini ya godoro kilibeba dripu ya maji na sukari ya kutosha siku tano. Taarifa zote zilikwenda kwa Mpangavitanda, akili-mashine iliyokaa katika chumba cha baridi nyuma ya maabara, nayo ikaamua nani abaki, nani arudi na nani ameshapona.

Kitu kimoja tu kitanda hakikuweza: kupika. Kilikuwa na sinia na mkono wa kulisha, lakini lazima mtu aweke bakuli juu ya sinia. Kwa hiyo kulikuwa na kanuni moja isiyovunjwa. Hakuna kitanda kitakachotoka langoni mpaka Mpangavitanda athibitishe kwamba nyumbani kuna watu wasiopungua wawili wa kumtunza mgonjwa. Na kwa sababu sheria ya mkoa ilikataza mashine za serikali kuwa na macho ndani ya nyumba za watu, uthibitisho ulitoka kwa mgonjwa mwenyewe. Kitanda kilisoma majina yaliyo kwenye daftari la kaya, kisha kikamuuliza.

Sauti hiyo ya kuuliza ndiyo ilikuwa kazi ya Tusekile. Mwanzoni aliiandikia swali la moja kwa moja: "Unaishi na nani?" Wazee walilikataa. Mmoja alikijibu kitanda, "Kwani wewe ni polisi?" na akashuka akarudi kulala kwenye mkeka. Tusekile aliumia kana kwamba ni yeye aliyemkosea adabu yule mzee. Akakaa wiki tatu na wauguzi, akasikiliza jinsi wanavyoanza mazungumzo, akaliandika swali upya. Kitanda sasa kiliamkia, kikauliza hali, kisha kikasema, "Na watu wa nyumbani, wote hawajambo?" Wazee walikipenda. Mwezi uliofuata vitanda vilivyotoka viliongezeka mara tatu, na Dakta Kiswaga alimpa mkono mbele ya wafanyakazi wote.

Asubuhi hiyo, baada ya kitanda cha mwisho kuondoka, Tusekile aliingia ofisini kupitia taarifa za usiku. Alifanya hivyo kila siku ingawa hakuna aliyemtuma. Kwenye kitanda namba 733 kidole chake kilisimama.

"Mpangavitanda, nisomee 733."

"Enelesia Mwalongo, miaka sabini na sita, kijiji cha Ukwale. Homa ya mapafu. Siku ya nne nyumbani. Joto la kawaida, mapigo ya kawaida. Uzito umepungua kilo mbili na gramu mia tatu. Maji yanatoka kwenye mapafu. Hii ni dalili njema."

"Sinia limepokea bakuli mara ngapi?"

"Sifuri."

"Kwa siku nne?"

"Asilimia hamsini na nane ya nyumba hazitumii sinia. Watu hupenda kumlisha mgonjwa wao kwa mkono. Nyumba hii ina watunzaji wanne."

"Nani amesema wako wanne?"

"Daftari la kaya lina majina manne. Kila asubuhi nimemuuliza mgonjwa kama watu wa nyumbani wote hawajambo. Kila asubuhi amejibu hawajambo."

Tusekile alilitazama lile neno kwenye kioo cha kompyuta. Halikuwa na kosa lolote. Ndiyo maana lilimtisha. Alinyanyuka akaenda karakana.

"Una gari?" alimuuliza Kihwele.

"Nina gari na goti la punda mkononi. Kwenda wapi?"

"Ukwale. Sasa hivi, kaka, tafadhali."

Kihwele hakuwahi kumsikia akisema sasa hivi. Aliliweka goti mezani.

*

Nyumba ya Bibi Enelesia ilikuwa ya matofali, safi, yenye vyumba vinne na banda la ng'ombe lisilo na ng'ombe. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu.

"Hodi."

"Karibu," ilijibu sauti nyembamba kutoka ndani.

Bibi alikuwa amelala katikati ya sebule juu ya kitanda-mwendo. Nywele zake zilikuwa zimechanwa na shuka halina hata kunyanzi moja. Kitanda kilikuwa kimefanya kazi yake vizuri mno.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Habari za huko?"

"Nzuri. Unaendeleaje?"

"Naendelea vizuri. Kifua kimeachia."

Tusekile akauliza kama kitanda kinavyouliza. "Na watu wa hapa, hawajambo?"

"Hawajambo. Karibuni mkae, viti vipo."

Walikaa. Tusekile alitazama kupitia mlango wa jikoni. Majivu ya jiko yalikuwa yameganda. Vikombe vilivyofudikizwa rafuni vilikuwa na vumbi jepesi mgongoni. Alitaka kuuliza jambo, lakini hakujua aanzie wapi bila kumuaibisha mama wa watu ndani ya nyumba yake, kwa hiyo akanyamaza. Kihwele naye, mara moja katika maisha yake, akanyamaza. Nje jogoo wa jirani aliwika. Ikapita dakika nzima.

"Basi hali ndiyo hiyo," alisema bibi polepole. "Kifua kizuri. Ila njaa ndiyo imenikalia vibaya."

"Anayekupikia ni nani, bibi?"

"Najipikia mwenyewe. Sasa hiki kitanda kinasema nisishuke."

Tusekile alitoa kioo chake cha mkononi akasoma majina taratibu. "Yeremia. Tumwidike. Sekela. Andulile."

"Umewatoa wapi hao?"

"Kwenye daftari la kaya."

"Hilo daftari ni la lini?" Bibi alitazama juu kwenye dari. "Yeremia ni mume wangu. Yuko hapo nyuma ya banda, mwaka wa saba sasa. Tumwidike yuko ubavuni mwa baba yake. Sekela na Andulile wako Mwezini, huko juu kwenye machimbo. Andulile anachimba. Sekela anawapikia wachimbaji."

Kihwele alivua kofia yake.

"Bibi," alisema Tusekile, "sasa kwa nini kila siku ulikiambia kitanda hawajambo?"

Bibi Enelesia alimgeuzia macho ya mtu anayeulizwa jambo la kitoto. "Ulitaka nikiambieje? Kinaniamkia vizuri, jua halijapanda, kinaniuliza watu wa nyumbani. Nikitupie makaburi usoni? Mtu akikuuliza unamwambia hawajambo. Akikaa, mkazungumza, ndipo unamweleza yalivyo. Hiki hakikai. Nikishasema hawajambo kinasema ahsante, kinanichoma sindano."

Tusekile alihisi masikio yake yakiwaka. Alilijua jambo hilo toka utotoni. Mwaka ambao baba yake alikuwa hajitambui kitandani, yeye mwenyewe aliwajibu majirani wa bweni lake kila asubuhi kwamba nyumbani hawajambo, na ni yule tu aliyekaa kitandani kwake akamsubiri ndiye aliyeambiwa. Katika lugha yake ukweli ulikuja kwenye jibu la pili. Yeye aliifundisha mashine kuuliza kwa adabu, halafu hakuifundisha kusubiri.

Alivua koti akaingia jikoni. Alikuta unga wa ulezi kwenye debe, akachota maji, akawasha jiko. Alipokuwa akikoroga, kivuli kilisimama mlangoni. Alikuwa ni jirani, mwanamke mnene mwenye kitenge cha njano, ameona moshi.

"Kumbe kuna watu," alisema. "Mimi Mama Lusajo, nyumba ile ya bati jekundu. Anaendeleaje mgonjwa?"

"Hajala siku nne," alisema Kihwele.

Mwanamke aliweka mkono kifuani. "Siku nne? Si amelazwa?"

"Amelazwa hapa."

"Ndiyo nasema, amelazwa. Alipoanza kuumwa tulikuwa tunamletea uji asubuhi na jioni, mimi na mke wa Mbwilo. Tukaja kumwona huyo punda wenu, ana taa, anaongea, ana sindano. Tukasema haya, bibi sasa yuko hospitali, ana wauguzi. Nani atakwenda na kibakuli chake cha uji kwenye mtambo wa serikali? Akidhurika si nitaambiwa mimi ndiye niliyemlisha?"

Kutoka sebuleni bibi alisema, "Nilikusikia juzi ukipita, Mama Lusajo. Nikasema hata kuniita hakuniita."

"Niliogopa kukuamsha, bibi. Pale hospitali wana saa zao za kuona wagonjwa." Macho ya mwanamke yalijaa machozi. "Sikujua saa za huyu."

Tusekile aliendelea kukoroga ingawa uji ulikuwa umeiva. Alikuwa akifanya hesabu ambayo hakutaka imalizike. Mama huyu alikuwa mtunzaji ambaye hakuwemo kwenye daftari lolote, na kitanda kilipoingia mlangoni, yeye ndiye aliyetoka.

Bibi Enelesia alikunywa uji vijiko kumi na moja, akapumzika, kisha vingine sita. Mama Lusajo alimshikia bakuli. Hakuna aliyeligusa sinia.

*

Saa saba mchana Tusekile alikuwa mbele ya Mpangavitanda.

"Ni nyumba ngapi ambazo watunzaji wamethibitishwa kwa jibu la hawajambo peke yake?"

"Mia tatu na kumi na mbili."

"Katika hizo, ngapi sinia halijapokea kitu kwa siku mbili au zaidi na uzito wa mgonjwa unashuka?"

"Mia moja na arobaini na tatu."

"Na dripu zao?"

"Thelathini na nane zinaisha kesho jioni. Nimekwisha panga vitanda hivyo virudi kujazwa keshokutwa. Ratiba iko sawa, kwa kuwa watunzaji wapo."

Alipeleka karatasi kwa Dakta Kiswaga kwa mkono, kwa sababu hakuamini sauti yake. Dakta alikuwa mtu mrefu, mwenye mvi, aliyezoea kusoma akiwa amesimama. Alisoma mara mbili.

"Mhandisi, leo asubuhi nimeutangazia mkoa mzima vitanda mia nane na sitini. Ijumaa wanakuja wageni kushuhudia. Baridi ni wiki mbili zijazo."

"Najua, daktari."

"Nikiondoa mia moja na arobaini na tatu, wagonjwa watakaokuja kesho nitawaweka wapi?"

"Mzungu wa nne," alisema Tusekile. Sauti yake ilitoka ndogo lakini haikukatika. "Na chini. Pale chini angalau muuguzi anawaona."

"Unajua nilichokiona chini pale? Mimi nilikuwa daktari wa zamu. Nilikuwa naruka watu kama naruka madimbwi." Aliweka karatasi mezani. "Huenda huyo bibi ni mmoja. Huenda hawa wengine wanalishwa kwa mkono, kama mashine inavyosema. Unataka nifunge vitanda mia moja kwa sababu ya sinia?"

"Piga simu kwenye kimoja, daktari. Chochote. Uulize kama kitanda kinavyouliza. Halafu usiseme kitu."

"Nisiseme kitu?"

"Unyamaze tu."

Dakta Kiswaga alimtazama, kisha akabonyeza namba ya kwanza kwenye orodha. Sauti ya mwanamume mzee ilisikika chumbani, na nyuma yake mlio mwepesi wa pampu ya dripu.

"Habari za hapo, mzee? Ni Dakta Kiswaga, hospitali ya mkoa."

"Aa, daktari. Nzuri. Nashukuru sana."

"Unaendeleaje?"

"Vizuri, daktari. Kitanda kinafanya kazi."

"Watu wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

Mkono wa daktari ulikwenda kwenye kitufe cha kukata. Tusekile alitikisa kichwa. Mkono ukabaki hewani. Pampu ikaendelea kulia. Kwa kidole cha mkono wa pili, daktari alihesabu mapigo yake mwenyewe shingoni.

"Ila daktari," ilisema ile sauti, sasa chini zaidi, kana kwamba mzee amejisogeza karibu, "kama kuna mtu wenu anapita huku Jumatatu au Jumanne, si lazima leo, naomba aniletee hata viazi. Mke wangu alikwenda kwa binti yetu toka mwaka jana. Nisingependa kuwasumbua."

Dakta Kiswaga alikaa. Tusekile hakuwahi kumwona akikaa mchana.

"Mzee, jina lako nani?"

"Mbogela. Aroni Mbogela."

"Mzee Mbogela, anakuja mtu leo."

Alikata simu, akachukua kalamu, akaandika juu ya karatasi ile ile maneno mawili, Viondolewe vyote, akasaini. Dakika tatu baadaye ubao wa taa langoni ulisomeka 717. Watu waliokuwa barabarani walisimama kuusoma, kwani namba ile haikuwahi kurudi nyuma.

*

Walitoka wote. Wauguzi wasio na zamu, mafundi, wapishi wa jikoni, madereva, karani wa mapokezi mwenye viatu vya mchuchumio ambavyo alivivua njiani. Tusekile aliwapa maelekezo mafupi kuliko yote aliyowahi kuandika: ingia, salimia, kaa, nyamaza. Usitoke kabla hujaambiwa jambo la pili.

Kihwele alilalamika kwamba amepewa kazi ngumu kuliko kubadilisha magoti. "Kunyamaza, dada Tuse. Ungenipa hata kitu cha kufungua na spana."

Lakini yeye ndiye aliyerudi akiwa amemaliza nyumba nyingi kuliko wote. Kwa siku mbili walizifikia zote. Katika nyumba hamsini na moja watu walikuwepo kweli, na mgonjwa alikuwa akilishwa kwa mkono, na uzito ulishuka kwa sababu maji yalitoka kwenye mapafu kama Mpangavitanda alivyosema. Katika nyumba tisini na mbili hapakuwa na mtu. Palikuwa na majina ya waliohama, waliokufa, walioolewa mbali, walio kwenye meli na Mwezini. Palikuwa na majirani waliosogea pembeni kwa heshima ya mashine. Na kila asubuhi mtu mmoja akisema hawajambo kwa niaba yao wote.

Hao tisini na wawili walirudishwa wodini. Wawili wawili, kichwa kwa miguu. Mzee Aroni Mbogela alifika akiwa anaongea, akamshukuru karani kwa viazi, na akafa siku ya pili saa nne asubuhi, kwa sababu moyo wake ulikuwa umechoka kabla ya mapafu yake kupona. Tusekile alikuwa akirekebisha waya wodini aliposikia. Alishuka kwenye ngazi, akatoka nje, akakaa nyuma ya maabara ambako mashine zilivuma. Alilia kidogo bila kujificha. Halafu akanawa uso bombani akaingia kwa Mpangavitanda na kufungua maandishi yake mwenyewe.

Swali hakuliondoa. Lilikuwa swali zuri. Baada ya swali aliandika kimya cha dakika mbili, ambacho mashine ilikataa mara tatu ikikiita hitilafu, na mara tatu akakirudisha. Kisha alifuta sehemu iliyoitwa idadi ya watunzaji. Mahali pake akaweka nafasi ya majina, na kanuni kwamba kila jina lisemwe na mwenye jina, kwa mdomo wake, mbele ya kitanda. Jirani au ndugu, mashine haingeuliza.

"Mabadiliko haya yatapunguza kasi ya kufungua vitanda kwa asilimia sitini," alisema Mpangavitanda.

"Sawa."

"Hakuna chanzo cha majina mapya kwenye daftari."

"Najua. Yatabidi yatafutwe."

"Na nani?"

Tusekile alizima kioo. Aliwahi kuichagua kazi ya kuandika sauti za mashine kwa sababu ilimwezesha kuongea na mkoa mzima bila kumtazama mtu usoni.

Ijumaa wageni walikuja. Ubao ulisomeka 768. Mmoja wao aliuliza kwa nini namba imeshuka, na Dakta Kiswaga akamjibu, "Kwa sababu tumeihesabu." Kisha akawapeleka wodini wakaone watu wawili kitanda kimoja, wala hakuwapitisha haraka.

Uani, kando ya ukuta, vitanda-mwendo tisini na viwili vilisimama vimekunja miguu. Vilikuwa vizima. Havikuwa na mtu.

*

Jumatatu iliyofuata, saa nane mchana, aliletwa mchuma chai mmoja, Subilaga Mwakisu, wa miaka thelathini na nane. Kifua chake kilikuwa kimekwisha tulizwa kwa sindano ya kwanza, lakini kila kitanda cha wodini kilikuwa na wawili na mikeka ilikuwa imejaa. Kitanda cha uani kilimwamkia, kikamuuliza watu wa nyumbani, akajibu hawajambo. Kisha kikanyamaza. Subilaga alisubiri kiendelee. Kilipokataa kuendelea, alisema kwa aibu kwamba alitoka mkoa mwingine kutafuta kazi, anakaa peke yake kwenye kambi ya wachumaji, chumba namba nne, na hapo hana ndugu.

Muuguzi alimtazama Tusekile. "Tumweke wapi?"

"Kwake," alisema Tusekile. "Naenda naye."

Alitembea mbele na kitanda kikamfuata. Ilikuwa mwendo wa nusu saa kwenye barabara ya vumbi jekundu. Kambi ilikuwa mstari mmoja mrefu wa vyumba kumi chini ya paa moja. Wachumaji walikuwa wamerudi kutoka shambani. Wengine walinawa miguu, wengine walichambua mboga barazani. Wote waliacha walichokuwa wakifanya kumwangalia msichana aliyesimama uwanjani na punda wa serikali nyuma yake.  Hakukuwa na kioo cha kujificha nyuma yake, wala sauti ya mashine ya kumtangulia.

"Hodi jamani," alisema. "Shikamooni."

Waliitikia kwa pamoja, wakimsubiri.

"Huyu ni Subilaga, wa chumba namba nne. Anaumwa. Kitanda kinampa dawa, kinamgeuza, kinampima. Lakini hakijui kupika."

"Hakijui hata ugali?" aliuliza mwanamke mwenye kilemba cha kijani, aliyekuwa na sufuria mapajani.

"Hata uji."

"Na kuongea kote kule," alisema mwanamume mmoja, na watu wakacheka.

"Natafuta watu wawili," aliendelea Tusekile. "Wasio na hofu. Kumgusa mnaruhusiwa, kumlisha mnaruhusiwa. Saa za kumwona ni saa zote. Nisipopata wawili, narudi naye."

Kicheko kiliisha. Watu walitazamana. Mwanamke mmoja alirudi kwenye mboga zake. Tusekile alisimama. Alitamani kusema zaidi, kuwabembeleza, au kuomba radhi na kuondoka. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alibaki kimya palepale uwanjani, akihesabu ndani ya moyo wake, sekunde thelathini, sitini, tisini.

"Mimi simfahamu vizuri," alisema hatimaye yule wa kilemba cha kijani. "Tunasalimiana tu." Akaiweka sufuria chini, akafuta mikono kwenye kanga. "Niandike. Anyosisye Kibona, mchana. Jioni usiniandike, jioni nina kwaya."

"Njoo ukiambie kitanda mwenyewe, dada."

Anyosisye alisogea, akainama karibu na taa ndogo ya kitanda, akalitamka jina lake kwa sauti kubwa kama anayeongea na kiziwi. Watu walicheka tena.

"Jioni niandike mimi," ilisema sauti kutoka mlango wa saba. Alikuwa ni mzee mfupi mwenye kofia ya sufu. "Luseko. Lakini uji wangu huwa mzito, watu wanalalamika. Kama hapendi aseme sasa hivi, asije akanisumbua baadaye."

Subilaga aliinua kichwa kidogo kutoka kwenye mto. Alisema kwamba anapenda mzito.

"Basi," alisema mzee Luseko, na akaanza kuja, akivaa kandambili njiani.

Kitanda kilipokea jina la pili saa kumi na dakika ishirini. Kilinyanyuka, kikainamisha miguu ya mbele ili kipite chini ya kizingiti, na watu wawili wakakitangulia ndani kusogeza meza.